Mtoto asiyeachia kikwembe cha mama yake



Kila mwaka, masomo yakifunguliwa mwezi wa tisa, jambo lile lile huonekana penye milango ya shule zetu na penye mlango wa chumba cha katekisimu. Mtoto ameshika kikwembe cha mama yake kwa mikono miwili. Mama anamfungua kidole kimoja kimoja. Mwalimu amemshika begani. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Walio karibu hutoa hukumu upesi: huyu amedekezwa; huyu ni mvivu wa masomo; na siku hizi, kwa sauti ya chini, huyu ana kitu ndani yake ambacho hakitoki kwa Mungu.

Tumesimama penye milango hiyo kwa muda wa miaka karibu thelathini, kwanza katika kazi ya ualimu tuliyoisomea, kisha katika utume wa ukatekista. Tumeona kwamba watoto watano wanaolia penye mlango mmoja hawalii kilio kimoja. Mmoja anamlilia mama, wa pili anaogopa macho ya watu, wa tatu anaogopa fimbo, wa nne anasikia bado risasi za mwaka uliopita, na wa tano ana malaria. Tukiwapa wote dawa moja, iwe fimbo au peremende au sala, tutawadhuru wanne kati yao. Tunaandika haya kwa ajili ya wazazi na wasimamizi wa mashirika yetu, kwa sababu tumeombwa ushauri mara nyingi siku hizi, na kwa sababu tulimwona mtoto mmoja akikaribia kufukuzwa nyumbani kwao kwa ajili ya hofu iliyokuwa na jina na iliyoweza kutunzwa. Habari zake tutazieleza mbele kidogo.

Tuanze na hofu iliyo ya afya, maana ipo. Mtoto wa miezi mitatu au minne hukubali kubebwa na jirani yeyote. Karibu na mwezi wa saba au wa nane hali inabadilika: sasa anamtambua mama yake vizuri, na anatambua pia kwamba mama huweza kuondoka. Asichojua bado ni kwamba atarudi. Tangu hapo analia mama akitoka, anaficha uso mgeni akiingia. Hofu hiyo huwa kali kati ya miezi kumi na miezi kumi na minane hivi, kisha hupungua polepole, na watoto wengi wakifika miaka mitatu huweza kuagwa bila ugomvi mkubwa. Mzazi asione haya kwa ajili ya kilio cha namna hiyo. Ni alama kwamba mtoto amekwisha kumjua mtu wake.

Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya, wanaolazwa peke yao chumbani, na kwamba mtoto wetu, anayepita katika mikono ya shangazi, dada na nyanya, hayajui. Sivyo. Katika miaka ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth, mwanamke aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alikaa Uganda na kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliketi pamoja na akina mama, akazungumza nao, akawatazama watoto wao mwezi baada ya mwezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliwakuta watoto waliozoea mikono mingi, na hata hivyo walikuwa na mtu wao, mara nyingi mama, ambaye walimfuata akiondoka, na ambaye walitoka kwake kwenda kuchezea vitu na kurudi kwake kama mtu arudivyo nyumbani. Kabla ya safari hiyo alikuwa amefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, yule aliyeandika baadaye vitabu vitatu juu ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Cha pili, cha mwaka 1973, kinahusu kutengana. Tulipokuwa tukisomea ualimu tulifundishwa mambo hayo kana kwamba yalitoka Ulaya tu. Baadaye tulifurahi kujua kwamba sehemu yake kubwa ilichotwa huku kwetu, katika nchi za Maziwa Makubwa.

Biblia nayo inajua jambo hili. Hanna alikuwa ameweka nadhiri ya kumtoa Samweli kwa Bwana, lakini hakufanya haraka. Mume wake alipopanda kwenda Silo kutoa sadaka ya mwaka, yeye alibaki nyumbani na mtoto mpaka alipomwachisha ziwa. Na baada ya kumwacha kwa kuhani Eli, kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Wahubiri husema mengi juu ya sala ya Hanna, na ni haki. Sisi tungependa siku moja kusikia mahubiri juu ya kanzu ile. Mama yule hakumtoa mtoto wake kwa Mungu kama mtu atupaye mzigo. Mtoto alibaki na kitu cha mama yake mwilini, nacho kilibadilishwa kila mwaka kadiri alivyokua.

Basi, hofu ya kutengana inakuwa ugonjwa wakati gani? Machozi peke yake hayatoshi kutujulisha. Waganga wa akili hutazama kama hofu inapita kiasi cha umri wa mtoto, kama inadumu, na kama inamharibia maisha: masomo, usingizi, chakula, michezo. Kitabu kinachofuatwa na waganga wa akili wa Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, kinataja alama nane na kinataka angalau tatu kati yake, kwa muda usiopungua majuma manne kwa mtoto. Mtoto huteseka mno anapoachwa, au hata anapofikiri kwamba ataachwa kesho. Huhangaika kwamba mlezi wake atakufa, ataugua au ataumizwa. Huogopa kwamba yeye mwenyewe atapotea au ataibwa. Hukataa kwenda shuleni au mahali pengine, hukataa kubaki peke yake hata katika chumba cha pili, hukataa kulala bila mtu wake kando. Huota ndoto mbaya za kutengana. Huumwa tumbo au kichwa, au hutapika, saa ya kuagana inapokaribia. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Ulimwenguni iliyoanza kutumika mwaka 2022 inauweka ugonjwa huu pamoja na magonjwa mengine ya hofu, wala haiufungi tena katika utoto peke yake. Watu wazima nao huupata.

Hapa tunatoa onyo moja. Vitabu hivyo viliandikwa kwanza kwa ajili ya nyumba ambamo kila mtoto ana kitanda chake. Kwetu Kadutu au Bagira, mtoto wa miaka sita anayelala pamoja na nyanya yake na ndugu zake wawili hana ugonjwa wowote. Hakuna kitanda kingine. Tumpime kwa kumlinganisha na wenzake wa mtaa ule ule na wa umri ule ule, tuone kama yeye peke yake hawezi kile ambacho wao wanakiweza.

Kuliko kuhesabu alama, sisi tumezoea kuuliza swali moja: mtoto huyu anaogopa nini hasa? Mwenye hofu ya kutengana, akiwa na mtu wake, ametulia. Anacheza, anakula, anasalimu wageni, hata anajaribu utundu. Ni mlango unaofunguliwa unaomgeuza. Ukimsikiliza, maneno yake yote yanamhusu yule anayeondoka: utarudi saa ngapi? Utapita njia gani? Na gari likikugonga? Hofu yake inatazama mbele, kwa jambo ambalo halijatokea, nayo inamhusu mtu mmoja au wawili tu.

Sasa tumtazame mtoto wa namna nyingine. Miaka michache iliyopita tulipokea katika mwaka wa kwanza wa katekisimu binti wa miaka saba, ambaye watu wa nyumbani walisema anaogopa kuachwa. Lakini tuliona kwamba alimwachia mama yake mlangoni bila chozi. Aliingia, akaketi, akasikiliza, na kwa muda wa miezi mitatu hakutamka neno hata moja. Mama yake alishangaa tulipomweleza, kwani nyumbani binti huyo alikuwa akiwafundisha wadogo zake Baba Yetu na kuwagombeza wakikosea. Hiyo si hofu ya kutengana. Ni hali ya kunyamaza mahali pamoja na kusema mahali pengine, inayotokana na hofu ya kusikiwa na kutazamwa, nayo hudumu zaidi ya ule mwezi wa kwanza wa shule ambapo watoto wengi huwa kimya kwa ugeni. Kabla ya kuipa jina hilo, tulitaka kujua lugha ya nyumbani. Katika mji wetu mtoto huweza kuzungumza Kishi au Kilega peke yake mpaka miaka sita, kisha akakutana na Kiswahili cha mtaa na Kifaransa cha mwalimu siku moja. Mtoto wa namna hiyo hanyamazi kwa hofu, ananyamaza kwa kukosa maneno, naye anahitaji mwalimu anayemwelewa kuliko mganga. Binti wetu alijua Kiswahili vizuri. Basi hatukumlazimisha. Kwanza alionyesha jibu kwa kidole kwenye picha, kisha akamnong'onezea dada yake, kisha akaninong'ona dada yake akiwa amesogea mbali kidogo. Siku ya Komunyo ya kwanza aliitikia Amina kwa sauti ambayo labda padri peke yake aliisikia. Ilitosha.

Karibu naye yuko mtoto mwenye haya ya kupita kiasi, anayetetemeka mbele ya watu hata akiwa magotini pa mama yake. Huyo naye si wa kutengana: mama yupo, hofu ipo.

Yuko pia mtoto anayeogopa shule yenyewe. Hapa tunashauri kutazama kalenda. Mvulana mmoja aliumwa tumbo kila asubuhi tangu siku ya kwanza mpaka siku ya tano ya juma. Mama yake alisadiki kwamba mtoto anashindwa kuachana naye. Lakini siku ya sita mtoto huyo huyo alikuja kwenye katekisimu peke yake, akipanda na kushuka mlima, akabaki nasi mpaka saa sita bila kumuuliza mtu habari za mama. Tumbo linalouma siku za masomo tu na kupona siku ya sita lina habari ya kusema. Alipoulizwa kwa upole, kando ya wengine, ilijulikana kwamba wavulana wakubwa walimvizia njiani na kumnyang'anya mkate, na kwamba mwalimu, mwenye darasa lililojaa kupita uwezo wa mtu mmoja, hakuwa ameona. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, na mengi hupita bila kuonekana. Dawa ya mtoto yule ilikuwa kaka wa kumsindikiza. Naye mtoro halisi ni tofauti tena: huyo huondoka nyumbani kwa furaha, asifike shuleni, ukamkuta kando ya ziwa. Wala hamtafuti mama hata kidogo.

Mengine tuyapite upesi. Mtoto anayelia kila ratiba inapobadilika, awe na mama au asiwe naye, ambaye hatazami uso wa mtu na hachezi na wenzake, anahitaji kupimwa kwa namna nyingine. Mtoto mkubwa kidogo anayehangaika kwa ajili ya kila kitu, mitihani, mvua, bei ya unga, ana hofu iliyotawanyika na siyo ya kutengana. Asiyesikia vizuri huogopa kuachwa kwa sababu mama ndiye masikio yake. Na kabla ya yote, maumivu ya tumbo na kichwa yapimwe katika kituo cha afya, kwa sababu malaria na minyoo havijali kwamba sisi tumesoma saikolojia.

Lakini juu ya vita lazima tukae. Wengi wetu tunakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakakimbia usiku kuelekea Sake na kuelekea mpaka wa Rwanda; watoto wengi walipoteana na wazazi wao katika msongamano ule. Kisha mwaka 2025 vita vikafika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Watoto waliopita katika mambo hayo wanashika vikwembe vya mama zao, na watu wanasema ni hofu ya kutengana. Mara nyingine ndiyo. Mara nyingine ni jeraha la yale waliyoyaona, na tofauti ni hii: mwenye jeraha hofu yake inatazama nyuma. Anashtuka mlango ukibamizwa au pikipiki ikipiga kelele. Anaichezea habari ile ile, wengine wafe, wengine wakimbie. Hataki kupita njia fulani. Usiku analia akiota jambo lililotokea kweli. Na mama akiwa kando yake, hofu inapungua lakini haiishi, kwa sababu mama naye alikuwapo siku ile na hakuweza kuizuia. Hofu hizo mbili huweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, na hapo kazi ya kuzitenganisha si yetu sisi makatekista, ni ya mganga.

Wakati wa vita kuu ya pili, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwatunza watoto wadogo katika nyumba za malezi, na katika mwaka 1943 walichapisha waliyoyaona. Waliona kwamba wadogo wengi waliumizwa na kutengwa na mama zao kuliko na mabomu yenyewe waliyoyasikia wakiwa mikononi mwake. Tunalikumbuka hilo kila jamaa wanapotuuliza kama ni vizuri kumpeleka mtoto wa miaka mitatu peke yake kwa ndugu wa mbali kwa ajili ya usalama. Usalama ni kitu kikubwa, na mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini isihesabiwe kama safari isiyo na gharama.

Tuseme pia waziwazi: mtoto anayekamata kikwembe usiku ambao risasi zinapita juu ya paa, huyo hana ugonjwa. Ana akili.

Mtoto aliyefiwa naye huchanganywa na hao. Yeye anamtafuta aliyekwisha ondoka. Anakaa mlangoni saa ambayo baba alikuwa akirudi. Huzuni yake si hofu kwa ajili ya walio hai, ingawa mara nyingi, baada ya kumzika mmoja, anaanza kumchunga aliyebaki. Na yuko mwingine anayetuhangaisha kuliko wote, yaani yule asiyelia kabisa. Amepita katika nyumba nyingi bila mlezi wa kudumu, amekosa wa kumbeba, na sasa hamtafuti mtu akianguka, au anamfuata mgeni yeyote anayemnyoshea mkono. Wageni wanaotembelea vituo vya yatima humsifu kwamba ni mtoto mwema, asiyesumbua. Sisi tukimwona tunatamani angelia.

Sasa turudi kwa mtoto tuliyemtaja. Ni mvulana wa miaka saba. Mama yake ni mfanyabiashara anayesafiri majuma kwa majuma, naye mtoto alibaki kwa nyanya. Tangu safari moja iliyochelewa wakati wa fujo, mtoto hakumwacha nyanya tena, hata kwenda chooni. Akisukumwa kwenda shuleni alitapika. Na usiku aliamka. Mjomba wake alimkuta mara tatu amesimama gizani juu ya mkeka wa mwanamke yule mzee, ameinama. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu tu kwamba nyanya atakufa. Baada ya majuma machache nyanya akaanguka kwa ugonjwa wa damu kupanda. Ndugu, mnajua ilivyosemwa. Maneno ya mtoto yakawa ushahidi juu yake. Alipelekwa katika chumba kimoja cha maombi, akafungishwa kwa siku mbili bila chakula kusudi aungame kwamba anamla nyanya yake.

Msimamizi wa shirika la mtaa alituita, tukaenda pamoja na mama mmoja mganga wa kituo cha afya. Hatukuanza na hotuba. Tuliketi na mtoto uani, tukamuuliza swali letu: usiku unapoamka, unaogopa nini? Alijibu kwamba anasikiliza kama nyanya anapumua. Mara nyingine, alisema, hasikii vizuri, basi anaweka mkono chini ya pua yake. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, akasikia. Alisema kwamba alikuwa ameusikia ule mkono usiku, mdogo na baridi, akadhani ni ndoto.

Mtu aliyefundishwa angesoma hapo karibu kila alama ya ugonjwa tunaousema: hofu ya kifo cha mlezi, kukataa shule, kutapika, kukataa kulala bila mtu wake. Mtoto hakuwa akimla nyanya. Alikuwa akimlinda. Mama mganga alimpima yule mzee, akajua kwamba alikuwa ameacha kumeza dawa zake tangu mwezi uliopita kwa kukosa pesa. Na sisi tuliwakumbusha ndugu kwamba sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu anayemshtaki mtoto uchawi. Mjomba hakupendezwa na neno hilo. Ni nyanya aliyekata shauri: mtoto hatoki nyumbani mwake.

Walitumwa kwa waganga wa akili. Tunasema tena, kwa kuwa wengi hawajui, kwamba wako. Ndugu wa Mapendo wana nyumba ya SOSAME hapa Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, na Kituo cha Joseph Guislain huko Lubumbashi. Kwenda huko si kukosa imani. Matunzo ya hofu ya kutengana kwa mtoto mara nyingi hayaanzi na vidonge. Yanaanza na kuzungumza na mazoezi ya hatua ndogo, mtoto na mlezi wakifundishwa pamoja.

Yale ambayo wazazi wanaweza kuyafanya nyumbani si magumu, ila yanataka uaminifu. Mama asitoroke mtoto akiwa amegeuka. Kutoroka kunamfundisha kwamba wakati wowote mama anaweza kutoweka. Aage kwa kifupi, kwa uso mtulivu, aseme atarudi lini kwa alama ambayo mtoto anaijua, kengele ya mchana au mwisho wa somo, na arudi saa hiyo. Aanze na muda mfupi: robo ya saa kwa jirani, kisha saa moja, kisha asubuhi nzima. Mtoto asifungiwe nyumbani majuma mazima kwa huruma, maana kila siku anayobaki inaifanya siku ya kurudi kuwa ngumu zaidi. Shuleni awepo mtu mmoja, yule yule kila siku, wa kumpokea mlangoni. Na kama Hanna na kanzu yake, mama akate kipande cha kikwembe alichokwisha kuvaa, mtoto akiweke mfukoni. Wanaume hucheka tunaposema hivyo. Wajaribu.

Juu ya sala, tunawaomba akina mama na makatekista wenzetu jambo moja. Tusali pamoja na mtoto, tumkabidhi kwa malaika wake mlinzi, ni vema. Lakini tusimwambie kwamba akisali vizuri mama hatakufa. Hatukupewa mamlaka ya kutoa ahadi hiyo, na siku ambayo mambo yatakwenda kinyume, mtoto atajihesabu mwenye kosa la kifo. Tumwambie lililo kweli: mama anakupenda, amekuacha kwa mtu mwema, na Mungu yuko pamoja nanyi wawili, wewe hapa na yeye kule.

Mvulana yule yuko nasi mwaka huu katika katekisimu. Tulikubaliana naye aketi benchi la pili karibu na dirisha, kwa sababu kutoka pale anaiona meza ambapo nyanya yake huuza ndizi na karanga, chini ya ukuta wa kanisa. Alipewa ruhusa ya kutoka kwenda kumtazama anapozidiwa, na kurudi bila kuulizwa. Mwezi wa kwanza alitoka kila robo ya saa, na watoto wengine walinung'unika. Siku ya sita iliyopita alitoka mara moja. Aliporudi alisema nyanya ameuza nusu ya karanga, akauliza tumefika wapi.